Miaka ya ukalimani Texas imenifunza nini kuhusu filibasta ya majaji

Mi kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili na Kiingereza, naifanya huku Texas toka 2003, mahakamani, ofisi za mawakili, mahojiano ya wakimbizi, popote ambapo mtu wetu anatakiwa ajieleze na Kiingereza kimemgomea. Leo nataka niongelee jambo ambalo ndugu zangu nyumbani wakinisikia nalishupalia wanashangaa, ugomvi wa Seneti ya Marekani juu ya kuzuia majaji kwa filibasta, yaani kukataa mjadala ufungwe ili kura isipigwe. Wananiambia shangazi wewe mtu wa Tanga, majaji wa Wamarekani wanakuhusu nini. Wananihusu, tena sana, na wanawahusu watu ninaowakalimania kuliko hata wanavyojua wenyewe.

Kwa aliyezoea bunge letu la Dodoma inabidi aanze kwa kusahau kengele. Kwetu mbunge akisimama ana dakika zake, kengele ya pili ikilia anakaa, asipokaa kiti kinamkatisha. Kwenye Seneti ya Marekani kwa kawaida hakuna kengele. Maseneta wako 100, wawili kila jimbo, na seneta akishapewa nafasi anaweza kuongea mpaka miguu imkatae, Strom Thurmond mwaka 1957 aliongea saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za kiraia. Kabla ya 1917 hakukuwa hata na njia ya kumnyamazisha mtu, ndo wakaweka kura ya kufunga mjadala ikitaka theluthi mbili, na 1975 wakaishusha ikawa 60 kati ya 100. Sasa hapo ndo penyewe. Ukiwa na maseneta 41 wanaokataa kufunga mjadala huhitaji mtu asimame usiku kucha, mnakaa tu, jina la jaji halifiki kwenye kura, miezi inakatika. Wengi wakisikia filibasta wanawaza mzee anahutubia mpaka alfajiri, lakini kwa majaji mara nyingi ilikuwa ni ukimya.

Na hawa majaji wa shirikisho, yaani wa serikali kuu ya Marekani na siyo wa jimbo, siyo watu wa mkataba wa miaka mitano. Rais anateua, Seneti inaridhia, akishaapa anakaa mpaka aamue mwenyewe kustaafu au afe, kumtoa ni mpaka Bunge limshtaki na limtie hatiani. Jaji akiingia na miaka 45 anaweza kuwaona marais sita wanakuja na kuondoka yeye yupo palepale. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini wanagombana hivi.

Kuna kitu karibu kila familia ninayofanya nayo kazi inakichanganya, ngoja nikiweke sawa. Jaji wa uhamiaji, yule unayesimama mbele yake kuomba hifadhi, hapitishwi na Seneti, ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria. Ukishindwa kwake unaenda Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, nayo iko chini ya wizara ileile. Ukishindwa na huko ndo kwa mara ya kwanza faili lako linafika kwa majaji waliopigiwa kura na Seneti, kwa sisi wa Texas ni Mahakama ya Rufaa ya kanda ya tano, makao yake New Orleans, inahudumia Texas, Louisiana na Mississippi. Majaji watatu wanasoma makaratasi, mara nyingi bila kumuona mwenye kesi, na watakachosema ndo mwisho kwa karibu kila mtu manake Mahakama ya Juu inachukua kesi chache mno. Mama aliyetembea kutoka Kivu mpaka kambini, akakaa huko miaka, akafika huku, maisha yake yanaishia mezani kwa watu watatu ambao walipatikana kwa kura za Washington. Mi siwezi kulichukulia hilo kama siasa za wenyewe.

Nilipoanza kazi wateja wangu wengi walikuwa wakimbizi wa Kisomali Bantu walioletwa kutoka Kakuma, na baadhi yao wanaongea Kizigua, mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka kwetu huko Handeni karne ya 19, nilivyosikia wanaongea nililia. Basi mwaka huohuo 2003 ndo moto wa majaji uliwaka Senetini. Rais ni George W. Bush, Warepublican wana wingi mdogo tu, Wademocrat wakaamua majina kadhaa ya mahakama za rufaa hawatayaachia yapite.

Aliyeniuma mimi ni Miguel Estrada. Mzaliwa wa Honduras, kaja Marekani akiwa na miaka 17, kasoma mpaka Harvard, katetea kesi nyingi Mahakama ya Juu. Aliteuliwa Mei 2001 aende mahakama ya rufaa ya Washington D.C. Wademocrat wakasema hatujui huyu anaamini nini, tuleteeni nyaraka alizoandika akiwa wakili wa serikali, serikali ikakataa kutoa, basi kura ya kufunga mjadala ikapigwa mara saba na mara zote saba haikufika 60. Septemba 2003 akajitoa. Siasa zake hazikuwa zangu hata kidogo, lakini nilikuwa mhamiaji nisiyejua hata kura nitaanza kupiga lini, na nilimuona mtu amesubiri zaidi ya miaka miwili bila kuambiwa ndiyo wala hapana. Kusubiri kwa namna hiyo nakujua, watu wangu wote wanakujua.

Na kati ya waliozuiwa kulikuwa na Priscilla Owen wa hapahapa Texas, jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, na Charles Pickering wa Mississippi, na wote wawili walikuwa wanapelekwa hiyohiyo kanda ya tano. Viti vilevile vinavyoamua rufaa za wakimbizi. Wademocrat walikuwa na hoja zao, kwa Owen walisema anaegemea mno upande wa makampuni na kwamba kwenye kesi za utoaji mimba za wasichana anaisoma sheria kwa namna ya kuwabana, na mimi niliyekuwa nakaa na wafanyakazi wanaodhulumiwa mishahara hoja ile ya makampuni iliniingia. Novemba mwaka ule Warepublican wakaendesha kikao cha mfululizo karibu saa 40, usiku na mchana, vitanda vya kukunja vikaletwa, wakilalamika majaji wao wananyimwa kura. Niliangalia kwenye televisheni mpaka usiku wa manane. Waliokuwa wanaongea ndo wenye wingi, na waliokuwa wanazuia wala hawakuhitaji kusimama.

Ofisi moja niliyokuwa naendaga sana ilikuwa na mawakili wawili, mzee mmoja Republican na dada mmoja kijana Democrat, wote wawili walinitendea wema mwingi na wote waliwatetea watu wetu kwa moyo. Mzee alikuwa anasema Katiba inataka Seneti itoe ridhaa yake, imeweka theluthi mbili kwenye mikataba ya kimataifa lakini kwa majaji haikusema theluthi mbili wala 60, kwaiyo kila aliyeteuliwa anastahili kura. Dada anajibu Katiba hiyohiyo imeipa Seneti ruhusa ya kujiwekea kanuni zake, na wachache wasipokuwa na kinga kwenye kiti cha maisha watakuwa nayo wapi. Nilikuwa nasikiliza huku nasubiri mteja, na ukweli wote wawili walikuwa wananishawishi.

Mei 2005 kiongozi wa wengi Bill Frist akatishia kuivunja kanuni kwa wingi wa kawaida, wenyewe wakaiita silaha ya nyuklia. Chama chake kina viti 55, hesabu inamruhusu. Tarehe 23 Mei wakatoka maseneta 14, saba wa huku saba wa kule, kina John McCain, Lindsey Graham, Ben Nelson, mzee Robert Byrd, wakaandikiana makubaliano. Wademocrat saba hawatazuia jaji isipokuwa kuna jambo zito lisilo la kawaida, Warepublican saba hawatapiga kura ya kuivunja kanuni. Basi. Bila hao saba Frist hana wingi, na bila hao saba wengine wazuiaji hawafiki 41. Owen akapitishwa siku mbili baadaye, Janice Rogers Brown na William Pryor wakafuata Juni.

Makubaliano yale nayaheshimu mpaka leo na yalinifunza kitu ambacho sijakisahau, kwamba huhitaji kuwageuza watu 100, unahitaji wachache wenye ujasiri wa kuwaudhi wa kwao wenyewe. Byrd huyo mwaka 1964 aliongea zaidi ya saa 14 akiipinga Sheria ya Haki za Kiraia, filibasta anaijua kwa ubaya wake, na uzeeni akawa ndo anainusuru isifutwe na isitumike ovyo. Watu hubadilika. Tatizo ni pale wanapobadilika kwa sababu tu viti vimebadilika.

Na vilibadilika. Obama akaingia 2009, na sasa Warepublican ndo wachache. Mei 2011 Goodwin Liu, profesa wa sheria, mtoto wa wahamiaji kutoka Taiwan, aliyeteuliwa awe jaji wa mahakama ya rufaa, kura ya kufunga mjadala 52 kwa 43, hazitoshi, akajitoa. Nikarudi ofisi ileile kwa watu walewale, safari hii mzee ndo anasema wachache wanahitaji kinga na dada ndo anasema kila jaji anastahili kura. Maneno karibu yaleyale, yamebadilishana midomo. Na siyo hao wawili tu, angalieni wakubwa. Obama akiwa seneta Januari 2006 aliunga mkono jaribio la kumzuia Samuel Alito asiingie Mahakama ya Juu, likashindwa 72 kwa 25, na 2016 Ikulu yake ikasema anajutia. Harry Reid, kiongozi wa Wademocrat Senetini, 2005 aliilinda filibasta kwa nguvu zote, 2013 akaivunja. Mitch McConnell, aliyekuja kuwa kiongozi wa Warepublican, 2005 alikuwa upande wa kuivunja, 2013 akawaka kwa hasira ilipovunjwa, 2017 akamalizia kilichobaki.

Wakati wakibishana mi nilikuwa na kesi mkononi. Sitasema ya nani wala mji gani manake kiapo cha mkalimani kinanibana na nakiheshimu. Walikuwa wafanyakazi, Warundi na Wakongo, wanadai malipo ya saa za ziada kwa kampuni moja, kesi iko mahakama ya shirikisho ya wilaya, ambayo jina ni wilaya lakini uzito wake ni wa Mahakama Kuu kwetu. (Huko mtihani wa cheti cha ukalimani wa shirikisho upo wa Kihispania peke yake, sisi wa Kiswahili tunapokewa kwa sifa nyingine na kila siku tunajithibitisha upya.) Jaji aliyekuwa nayo akapunguza kazi kwa sababu ya umri, kiti chake kikabaki wazi, faili likahamia kwa jaji mwingine aliyekuwa tayari amezidiwa. Na Texas majaji wa shirikisho wanazidiwa kweli, mpaka na Mexico ni mrefu, kesi za jinai ni nyingi mno, na kuna sheria ya 1974 inayotaka kesi ya jinai ianze kusikilizwa ndani ya siku 70, ukiacha siku zinazoruhusiwa kutohesabiwa. Kesi ya madai haina siku 70. Haina siku zozote. Inasubiri.

Kila tulipopewa tarehe ikasogezwa. Baba mmoja mtu mzima wa Kikongo akaniuliza, "Mama, sasa juge wetu atatoka wapi?" Mkalimani haruhusiwi kujibu kwa kichwa chake, nikamgeuzia wakili swali, wakili akasema rais na maseneta wa Texas hawajaelewana jina. Nikalirudisha jibu kwa Kiswahili na nikaona uso wake, mtu amekimbia nchi ambayo wakubwa hawaelewani, anaambiwa na huku mshahara wake unasubiri wakubwa waelewane. Baadhi wakahama jimbo kufuata kazi nyingine, baadhi wakakubali kusuluhisha kwa hela ndogo kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Kampuni ile haikushinda kesi, ilipewa muda tu, na muda ulitosha.

Niwe mkweli hapa, kiti kile hakikukwamishwa na filibasta ya ukumbini moja kwa moja, kilikwama kabla, kwenye ile desturi ya karatasi ya bluu ambapo maseneta wa jimbo husika wasiporudisha karatasi yao kwenye kamati jina haliendelei. Lakini mambo haya yanashikana. Kila aliyekuwa anafikiria jina alikuwa anajua mwishoni kuna 60, kwaiyo kila hatua ilikuwa na mtu wa kuvuta kamba. Na ndo kilichonifanya niache kuuliza nani alianza. Waliokuwa wanalipa gharama hawakuwa na chama, hata kura hawana.

Novemba 21, 2013 Reid akachoka. Mahakama ya rufaa ya Washington D.C. ilikuwa na viti vitatu wazi kati ya 11, Obama kateua Patricia Millett, Nina Pillard na Robert Wilkins, wote watatu wakazuiwa, Warepublican wakisema mahakama ile haina kazi nyingi za kuhitaji majaji zaidi. Namna walivyofanya inafaa kuijua. Maandishi ya kanuni hayakuguswa, 60 imeandikwa vilevile mpaka leo. Reid alitoa hoja ya utaratibu kwamba kwa uteuzi wote isipokuwa Mahakama ya Juu wingi wa kawaida unatosha kufunga mjadala, kiti, yaani anayeongoza kikao, kikamkatalia kwa mujibu wa kanuni, yeye akakata rufaa ya uamuzi wa kiti kwa Seneti nzima, na Seneti ikakitengua kiti 52 kwa 48. Wademocrat watatu wakamkataa, Carl Levin, Joe Manchin na Mark Pryor. McConnell akawaambia palepale ukumbini kwamba watakuja kujuta na huenda mapema kuliko wanavyodhani.

Yule dada wakili alifurahi sana siku ile na mi nilimuelewa, viti vilianza kujazwa, hata huku kwetu. Lakini usiku nilikuwa sina raha. Nilikuwa nawaza tu, wamevua kinga wakiwa na nguvu, na nguvu haikai.

Mwaka uliofuata wakapoteza Seneti. Na hapa kuna funzo ambalo wanaoitetea na wanaoipinga filibasta wote wanalipita haraka mno, kwamba mwenye wingi akitaka kuzuia majaji hahitaji filibasta kabisa. Toka Januari 2015 majina yalitambaa tu, kamati haiiti, ratiba haipangi, mpaka rais mpya anaapishwa 2017 viti wazi vilikuwa zaidi ya 100. Na kubwa kuliko yote, Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu, alifariki Februari 13, 2016, Obama akamteua Merrick Garland mwezi uliofuata, na Garland hakupigiwa kura, hakuitwa hata kuhojiwa, jina lake likakaa siku 293 mpaka kipindi cha Bunge lile kikaisha. Hakuna aliyezungumza usiku kucha, hakuna kura ya 60, McConnell, sasa kiongozi wa wengi, alisema tu haitakuwepo. Kwa Estrada angalau kura ya kufunga mjadala ilipigwa, tunajua nani alisema nini, majina yapo. Kwa Garland hakuna seneta aliyelazimika kuweka jina lake kwenye kumbukumbu. Mi naliona la Garland zito zaidi.

Dada mmoja wa Kenya tunayefanya naye kazi aliniambia haya unayoyashangaa sisi tunayajua. Na kweli, 2019 Tume ya Utumishi wa Mahakama ya Kenya ilipeleka majina, majaji 40 wakakaa bila kuapishwa kwa sababu rais Uhuru Kenyatta hakuwateua, Jaji Mkuu David Maraga akalalamika hadharani, mahakama ikaamuru, Juni 2021 wakateuliwa 34 na sita wakaachwa, mpaka William Ruto alipoingia Septemba 2022 akawateua wale sita. Kwetu Tanzania bunge halipigi kura kabisa, rais anateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume. Kwaiyo sisemi Wamarekani ndo wabaya. Nasema popote ambapo kuna mtu anaweza kuzuia kiti bila kutoa sababu na bila tarehe ya mwisho, atakizuia, na mwenye kesi atakaa benchi akisubiri.

Aprili 2017 ikawa zamu ya Neil Gorsuch kwenye kiti kilekile cha Scalia. Jeff Merkley wa Oregon aliongea zaidi ya saa 15 kupinga, Wademocrat wakazuia, kura ya kufunga mjadala 55 kwa 45, McConnell akarudia hatua za Reid moja baada ya nyingine, safari hii kwa Mahakama ya Juu, 52 kwa 48, na kesho yake tarehe 7 Gorsuch akapita 54 kwa 45. Historia ya kuzuia kwenye mahakama ile ilianza na Abe Fortas, ambaye Lyndon Johnson alitaka awe Jaji Mkuu mwaka 1968, kura zikaja 45 kwa 43 wakati zilihitajika theluthi mbili, akajitoa. Karibu miaka 50 baadaye mlango ule ukafungwa.

Angalieni kura zilivyokuwa zinakuja kabla. Scalia 1986 alipita 98 kwa 0, Scalia huyo aliyekuwa na misimamo mikali. Ruth Bader Ginsburg 1993, 96 kwa 3. Halafu angalieni za sasa, Brett Kavanaugh 50 kwa 48, Amy Coney Barrett 52 kwa 48, siku chache tu kabla ya uchaguzi wa 2020, Ketanji Brown Jackson 53 kwa 47. Zamani rais alikuwa akitafuta jina anajiuliza pia upande wa pili utalimeza au utalitema. Sasa hana sababu ya kujiuliza. Wenye nguvu wanachagua wa kwao, wakitoka wanaokuja wanachagua wa kwao, na mtu wa kawaida anaanza kuuliza wakili wake jaji wetu kateuliwa na nani kabla hata hajauliza sheria inasemaje. Swali hilo miaka ya mwanzo sikulisikia. Sasa hivi nalikalimani mara kwa mara, na kila nikilitamka linaniumiza, manake wengi wa hawa watu walikuja huku wakiamini jaji wa huku hana bwana.

Najua hoja ya upande mwingine na siidharau. Seneti inawapa Wyoming yenye watu wachache na California yenye watu wengi viti sawa, kwaiyo 41 wanaweza kuwa wanawakilisha watu wachache sana, kwa nini wachache wa namna hiyo wamzuie rais aliyechaguliwa. Na filibasta hiyohiyo ndo iliyotumika miongo kuwanyima watu weusi haki zao, mtu mweusi anayeichukia ana haki zote za kuichukia. Lakini kwa kiti cha maisha bado naona kuna uzito tofauti na muswada. Muswada mbaya bunge linalofuata linaufuta. Jaji humfuti. Kitu ambacho hakiwezi kurudishwa kinastahili ridhaa pana kidogo kuliko wingi wa siku hiyo.

Kwaiyo nikiulizwa nataka nini, sitaki 60 irudi kama ilivyokuwa, kuzuia bila mwisho ndo kulikomchosha Estrada na ndo kulikomaliza uvumilivu wa Reid. Nataka kitu ambacho Frist mwenyewe, kabla hajaanza kutishia, alikipendekeza Mei 2003 na nashangaa watu wamekisahau. Kura ya kwanza ya kufunga mjadala juu ya jaji ihitaji 60, isipofika ya pili ihitaji 57, halafu 54, halafu 51, na mwisho wingi wa waliopo. Wachache wanapata muda wa kutosha kuuliza, kuchimba, kuwaeleza wananchi, na kila hatua wanatakiwa waonekane wanapiga kura. Wengi wanajua mwisho upo. Rais akitaka jaji wake apite mapema anachagua mtu wa kukubalika na wengi, akitaka wa mkali anasubiri. Mi ningeongeza kitu kimoja, kwamba saa ianze kuhesabu siku jina linapofika Senetini, hata kama kiongozi wa wengi hataki kuliita, ili la Garland nalo lisiwezekane.

Leo hii kwa majaji wa wilaya mjadala unaobaki baada ya kura ya kufunga ni saa mbili tu toka walivyopunguza Aprili 2019 kutoka saa 30, na karatasi ya bluu imebaki kwa hao wa wilaya peke yao, kwa mahakama za rufaa haiheshimiwi tena. Maana yake kwa kanda ya tano hakuna tena mahali popote ambapo upande wa wachache unaweza kusema subirini kwanza tumuulize. Pendekezo la Frist halikuwahi kufika kwenye kura ya ukumbi. Liko kwenye kumbukumbu za Seneti, na seneta yeyote wa chama chochote anaweza kulirudisha. Mi nimeshawaandikia wa kwangu wote wawili, na kila kiti kikiwa wazi Texas nitawaandikia tena.